Frankston East: Wilaya Moja Iliyoamua Serikali

Leo nataka kueleza jambo lililotukia katika bara la Australia, katika mtaa mmoja ulio mwisho wa njia ya reli, ambapo watu wasio na sifa kubwa waliitwa kupiga kura peke yao, majuma manne baada ya wenzao wote, na jimbo zima likakaa kungoja neno lao.

Kwanza tuelewane juu ya maneno mawili, maana yakichanganyika habari yote itapotea. Australia imegawanyika katika majimbo sita makubwa, na kila jimbo lina bunge lake na Waziri Mkuu wake, mbali na serikali kuu ya nchi yote iliyoko Canberra. Majimbo hayo nitayaita majimbo. Lakini kila jimbo limekatwa tena vipande vidogo kwa ajili ya uchaguzi, na mara nyingi kila kipande hupeleka mjumbe mmoja barazani. Kipande hicho nitakiita wilaya ya kura. Jimbo letu la leo ni Victoria, ambalo mji wake mkuu ni Melbourne. Bunge lake lina mabaraza mawili. Baraza la chini, ambalo ndilo hufanya na kuvunja serikali, lina wajumbe 88. Basi wilaya za kura nazo ni 88.

Sheria ya Victoria yataka wilaya hizo zilingane kwa hesabu ya watu. Hapana wilaya inayoruhusiwa kuzidi au kupungua kuliko wastani kwa zaidi ya sehemu kumi katika mia. Kwa hiyo wilaya ya mashambani yaweza kuwa pana hata mtu akachoka kuizunguka kwa motokaa, na wilaya ya katikati ya mji yaweza kumalizwa kwa miguu asubuhi moja, na bado hesabu ya wapiga kura ikawa karibu sawasawa. Hapa pana taabu moja. Mji mkubwa hukua kwa pembeni, kama maji yamwagikavyo sakafuni. Mitaa ya nje hujengwa nyumba mpya kila mwaka, watu huhamia, na wilaya ya huko hujaa kupita kiasi. Ndipo tume ya mipaka huichukua ramani, ikaikata upya. Wilaya za pembeni huzaliwa, hubadilishwa majina na kufutwa upesi kuliko nyingine zote.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Frankston East. Wilaya hiyo ilipiga kura mara ya kwanza mwaka 1992, na mwaka 2002 ikafutwa, watu wake wakagawiwa wilaya za jirani. Miaka kumi tu! Mtoto aliyezaliwa pamoja nayo hakupata kupiga kura humo.

Frankston yenyewe ni mji ulio ukingoni mwa ghuba kubwa iitwayo Port Phillip, kiasi cha kilometa 40, yaani maili 25, kusini-mashariki ya Melbourne. Wenyeji wa asili wa pwani ile ni kabila la Waboonwurrung. Reli ilifika huko mwaka 1882, watu wa mjini wakaanza kwenda kuoga baharini na kupunga hewa. Mwaka 1922 treni zikatiwa nguvu za umeme (gari la moshi lisilo na moshi, mtu aweza kusema), na tangu hapo ikawezekana mtu kulala Frankston na kufanya kazi Melbourne. Treni hizo za umeme hukoma pale pale. Baada ya Vita Kuu ya Pili watu walimiminika. Katika miaka ya 1950 serikali ya jimbo ilikata msitu wa misonobari ulio upande wa kaskazini wa mji, ikajenga humo nyumba nyingi za watu wa kipato kidogo. Msitu umekwisha, lakini watu wa huko mpaka leo huuita mtaa ule kwa jina la ile misonobari.

Yafaa kujua tabia ya mitaa ya namna hii, maana humo ndimo siri ya habari yetu. Katika Melbourne iko mitaa ya wafanyakazi, upande wa magharibi na kaskazini, ambayo kwa miaka mingi imekuwa ngome ya chama cha Labor, ambacho ni chama cha wafanyakazi. Iko na mitaa ya matajiri, upande wa mashariki karibu na katikati ya mji, iliyozoea kuchagua chama cha Liberal. Katika mitaa hiyo matokeo hujulikana kabla sanduku halijafunguliwa. Lakini mitaa ya nje, kama Frankston, ina mchanganyiko: fundi wa bomba, muuguzi, mwenye duka dogo, mzee wa pensheni, mume na mke vijana waliokopa fedha za kununua nyumba. Watu hawa hawakurithi chama kutoka kwa babu zao kama mtu arithivyo shamba. Hutazama hali zao: shule ya mtoto iko karibu au imefungwa, treni ya saa kumi na mbili imefika au haikufika, riba ya mkopo imepanda. Kisha hugeuka, mara huku, mara huku. Na kwa kuwa hugeuka, vyama vyote viwili huwabembeleza.

Sasa tuje kwenye mwaka 1999. Waziri Mkuu wa Victoria alikuwa Jeff Kennett wa chama cha Liberal, aliyetawala tangu 1992 kwa kushirikiana na chama cha National, ambacho ni chama cha watu wa mashamba. Kennett alikuwa mtu wa nguvu na wa haraka. Alikuta jimbo lina deni kubwa, akalipunguza. Lakini njia alizotumia zilikuwa kali. Alifunga shule zaidi ya 300. Aliuza mashirika ya umeme na ya gesi kwa makampuni. Mabaraza ya miji na mitaa, yaliyokuwa 210, aliyaunganisha yakabaki 78. Nami nikiwa mwalimu siwezi kuitaja hesabu ile ya shule bila kusimama kidogo. Shule ya kijiji ikifungwa, duka hufuata, na baada ya duka hufuata familia. Katika miji midogo ya Victoria uchungu huo ulikuwa ukichemka chini kwa chini. Wakuu wa Melbourne hawakuusikia, maana katika baraza lililochaguliwa 1996 serikali ilikuwa na viti 58, na Labor 29 tu, na mjumbe mmoja asiye na chama. Mwenye viti vingi namna hiyo hulala usingizi mzito.

Mjumbe wa Frankston East aliitwa Peter McLellan. Alichaguliwa 1992 kwa chama cha Liberal, akachaguliwa tena 1996. Mwaka 1998 alikiacha chama hicho, akakaa barazani kama mjumbe asiye na chama, na kwa hali hiyo akajitokeza tena kuomba kura mwaka 1999.

Siku ya kura iliwekwa Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1999. Huko hupiga kura siku ya Jumamosi, tangu saa mbili asubuhi hata saa kumi na mbili jioni, katika shule na kumbi za makanisa. Na mara nyingi wazazi wa shule huchoma soseji uwanjani, wakauza, na faida ikawa ya shule. Ni siku yenye utulivu na harufu ya vitunguu. Siku hiyo hiyo McLellan alifariki dunia.

Sheria ilikuwa wazi. Mgombea akifa baada ya majina kupokewa na kabla kura hazijafungwa, uchaguzi wa wilaya ile huwa si kitu. Sharti uitishwe upya, majina mapya yapokewe, na watu wapige kura tena. Sheria hii yatokana na haki: chama au kundi lililofiwa lisinyimwe nafasi ya kuleta mtu mwingine, wala mpiga kura asilazimishwe kumpa kura yake marehemu. Watu wa Tanzania wanaijua sheria ya jinsi hii. Mwaka 2005, siku chache kabla ya uchaguzi wa tarehe 30 Oktoba, mgombea wa umakamu wa Rais wa chama cha CHADEMA, Jumbe Rajab Jumbe, alifariki, na uchaguzi wa Rais na wa Bunge ukaahirishwa mpaka tarehe 14 Desemba. Kule Victoria iliyosimamishwa ilikuwa wilaya moja tu. Wilaya 87 ziliendelea.

Usiku ule masanduku yalipofunguliwa, mambo yalikuwa kinyume cha matazamio. Miji ya mashamba iligeuka. Ballarat, Bendigo na Geelong vilitoa viti kwa Labor, kiongozi wake akiwa Steve Bracks, aliyekishika chama miezi sita tu. Katika wilaya ya Geelong mgombea wa Labor alishinda kwa kura 16. Familia tatu zingeketi nyumbani, angeshindwa. Lakini kule hawaketi nyumbani, na sababu yake nitaieleza.

Sasa tuchukue chaki. Katika viti 87, Liberal na National kwa pamoja walipata 43. Labor walipata 41. Wajumbe wasio na chama walikuwa 3. Kiti cha 88, cha Frankston East, kilikuwa wazi. Ili kutawala bila shaka, mtu ahitaji viti 45. Basi fanyeni hesabu. Frankston East ikienda kwa Liberal, upande wa Kennett utakuwa na 44. Na upande wa pili, hata wale watatu wakiungana na Labor, watakuwa 44 pia. Nusu kwa nusu, na hakuna serikali iliyo imara. Lakini Frankston East ikienda kwa Labor, Labor watakuwa na 42, na wakiwapata wale watatu watafika 45. Kiti kimoja, na kimetokea kuwa kile ambacho mwenyewe amefariki.

Wale watatu walikuwa watu wa mashamba wote. Russell Savage, aliyekuwa zamani askari polisi, alitoka Mildura, mbali kaskazini-magharibi, ambako treni ya abiria iliondolewa mwaka 1993. Susan Davies alitoka Gippsland West. Craig Ingram, aliyekuwa mpiga mbizi wa kutafuta chaza baharini, alitoka Gippsland East, naye alichaguliwa kwa neno moja kubwa: Mto Snowy urudishiwe maji yake, ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakigeuzwa kwenda kuzalisha umeme na kunywesha mashamba ng'ambo ya milima. Watatu hao waliandika mkataba wa matakwa yao, wakaupeleka kwa Kennett na kwa Bracks sawasawa. Walitaka Mkaguzi Mkuu wa Hesabu arudishiwe uhuru wake, maana serikali ya Kennett ilikuwa imempunguzia mamlaka. Walitaka Baraza la Juu lichaguliwe kwa namna itakayovipa vyama vidogo haki yao. Walitaka mashamba yasisahauliwe. Kisha wakangoja Frankston East.

Tarehe mpya ilikuwa Jumamosi, 16 Oktoba 1999. Kwa majuma manne wakuu wa vyama, ambao huenda hapo kwanza walishuka Frankston kwa ajili ya pwani tu, waligonga milango ya watu mmoja mmoja. Nadhani hapana mahali duniani pa ukubwa ule palipopata kusikilizwa kwa makini namna ile. Wapiga kura walikuwa zaidi ya 30,000, na kila mmoja wao alijua anapiga kura ya serikali nzima. Mtu wa kawaida, apigapo kura, huona kama atia tone baharini. Hawa waliona kikombe kimejaa hata ukingoni.

Hapo imetupasa kueleza jinsi wanavyopiga kura, kwa kuwa njia yao si kama yetu. Jambo la kwanza, kupiga kura ni lazima. Sheria hiyo ilipitishwa Victoria mwaka 1926, na asiyekwenda bila udhuru hutozwa faini. Wako wanaolalamika kwamba uhuru wa kuchagua ni pamoja na uhuru wa kukaa nyumbani. Hoja hiyo ina nguvu, lakini mimi naona sheria ile ina faida moja: vyama havishughuliki kuwatoa watu majumbani, bali hushughulika kuwashawishi, wala maskini na mgonjwa hawaachwi nje ya hesabu.

Jambo la pili, mpiga kura haweki alama moja. Huandika namba mbele ya kila jina: 1 kwa ampendaye zaidi, 2 kwa wa pili, na kuendelea mpaka wa mwisho. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, yule wa mwisho huondolewa, na karatasi zake hupewa wale walioandikiwa namba inayofuata. Tuseme wapiga kura ni 100. Yohana apata 42, Hamisi 35, Juma 23. Kwa desturi yetu Yohana ameshinda, ingawa watu 58 hawakumtaka. Kwa desturi yao Juma huondolewa, karatasi zake 23 hufunuliwa. Tukute 18 zimempa Hamisi namba 2, na 5 zimempa Yohana. Basi Hamisi apata 53, Yohana 47, na Hamisi ndiye mjumbe. Kwa njia hii wagombea wadogo hawaharibu kura za wakubwa, na wakubwa hulazimika kusema kwa adabu na wafuasi wa wadogo, maana namba 2 yao ni mali.

La tatu limetufikia hata sisi. Zamani Mwingereza alipiga kura kwa kutamka jina la mgombea mbele ya watu, na mwenye nyumba wake na mwajiri wake wakisikiliza. Mwaka 1856 Victoria, pamoja na jirani yake Australia Kusini, zilitunga sheria ya kura ya siri: karatasi iliyopigwa chapa na serikali yenyewe, kibanda cha kujisitiri, na sanduku. Desturi hiyo ikaenea duniani kote, na Waingereza na Wamarekani waliifuata baadaye. Watu wa Kenya waliopangwa mlolongo nyuma ya picha za wagombea mwaka 1988, katika uteuzi wa chama cha KANU, wanaweza kueleza vema kuliko mimi tofauti ya kura ya kibandani na kura ya uwanjani.

Jioni ya tarehe 16 Oktoba kura za Frankston East zilihesabiwa. Matt Viney wa Labor akashinda. Siku mbili baadaye wale wajumbe watatu walitangaza kwamba wangemwunga mkono Bracks. Kennett akaondoka, na tarehe 20 Oktoba Bracks akala kiapo cha Uwaziri Mkuu.

Je, yaliyoahidiwa yalitimizwa? Mengi yalitimizwa. Mkaguzi Mkuu alirudishiwa uhuru. Mwaka 2000 yalifanyika mapatano ya kurudisha sehemu ya maji ya Mto Snowy. Baraza la Juu lilibadilishwa kwa sheria ya mwaka 2003, likawa na wajumbe 40 wanaochaguliwa kwa uwiano wa kura. Treni ya Mildura haikurudi. Na serikali iliyosimama kwa mguu mmoja ikapata nguvu upesi. Kennett alijiuzulu ujumbe, na Desemba 1999 wilaya yake ya Burwood, iliyokuwa ya Liberal siku zote, ikachukuliwa na Labor. Na katika uchaguzi wa 2002 Labor walipata viti 62. Mwaka huo huo Frankston East ikafutwa katika ramani.

Mtu angedhani kwamba mambo ya Frankston yamekwisha hapo, lakini sivyo. Wilaya jirani yenye jina la Frankston peke yake iliendelea. Mwaka 2010 treni za njia ile zilikuwa zikichelewa na kujaa mno, watu wamekasirika, na wilaya nne zilizo kando ya reli hiyo, yaani Bentleigh, Mordialloc, Carrum na Frankston, ziligeuka zote pamoja zikaenda kwa Liberal. Serikali ikaanguka, viti 45 kwa 43. Machi 2013 mjumbe wa Frankston, Geoff Shaw, alikiacha chama cha Liberal, na siku hiyo hiyo Waziri Mkuu Ted Baillieu akajiuzulu. Upande wa serikali ukabaki na 44, na mmoja wao akiwa Spika, ambaye hapigi kura isipokuwa pande mbili zimelingana. Basi katika ukumbi walikuwa 43 kwa 43, na mtu mmoja wa Frankston katikati. Mwaka 2014 Labor waliahidi kuondoa makutano 50 ya reli na barabara, ambapo motokaa hungoja treni ipite. Na zile wilaya nne zikageuka tena zote, na serikali pamoja nazo.

Na kifo cha mgombea kimetokea tena. Mwaka 2022, katika wilaya ya Narracan iliyo mashariki ya Melbourne, mgombea wa chama cha National alifariki kabla ya siku ya kura. Uchaguzi wa wilaya ile ukaahirishwa mpaka tarehe 28 Januari 2023, sheria ikafuatwa vile vile. Lakini safari hii serikali ilikuwa imekwisha kupatikana katika wilaya nyingine 87. Labor hawakuweka hata mgombea, na Liberal wakakichukua kiti.